Maswali ya Wasomaji: Nepi za Kanga, Mto wa Sufi na Kazi Nyingine za Mikono kwa Nyumba Yenye Mtoto Mchanga

Barua za mwezi huu zimetoka kwa akina mama, akina baba na bibi mmoja, na karibu zote zinaulizia jambo moja: ni kitu gani mtu anaweza kumtengenezea mtoto mchanga kwa mikono yake, kwa vitu vilivyomo nyumbani, bila kutoboa mfuko. Kabla ya kujibu ningependa wasomaji wakijue kipimo changu. Nyumba ikishapata mtoto mchanga, mkojo, maziwa, udenda na uji hukifikia kila kitu, kwa hiyo kitu cha nafuu ninakihesabu kuwa ni kile kinachofulika asubuhi na kukauka kabla ya jua kuzama, hata kama kitambaa chake kilinunuliwa. Kile kisichofulika kitatupwa mapema, na nguvu ya mshonaji itakuwa imekwenda bure, hata kama kitambaa chake kilitolewa sadaka.

*

Bi Mshauri, shikamoo. Natarajia kujifungua mtoto wangu wa kwanza baada ya miezi miwili. Mume wangu ni fundi pikipiki na kipato chake ni cha leo kipo, kesho hakipo, hivyo tumeona kwamba pampasi za kila siku hatutaziweza. Mama mkwe amenipa kanga zake kuukuu sita, akaniambia nizikate nepi. Sijui nikate kwa kipimo gani, zitatoka nepi ngapi, na nifanye nini zisivuje. Cherehani nitaazima kwa jirani.
— Mama mtarajiwa, Morogoro

Marahaba, mwanangu, na Mungu akujalie ujifungue salama. Mshukuru mama mkwe wako, kwa maana kanga iliyofuliwa kwa miaka mingi imeshatoa wanga wote wa kiwandani na rangi yote iliyokuwa ya kuchuja, na pamba yake imelainika kiasi cha kunyonya maji mara tu inapoyagusa. Kanga mpya hufanya kinyume: tone la maji huteleza juu yake, na ngozi ya mtoto hukwaruzika.

Kabla ya kushika mkasi, inyanyue kila kanga dhidi ya mwanga wa dirisha. Utaona sehemu zilizolika, mara nyingi ni katikati, mahali pa kukalia. Sehemu hizo zitenge ziwe vitambaa vidogo vya kumfutia mtoto anapobadilishwa, kwa sababu ukizikatia nepi zitachanika katika mfuo wa tatu. Zilizobaki nzima zipime. Kanga moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Ukikata vipande viwili vya mraba, kila kimoja sentimita 75 kwa 75, utabakiwa na utepe wenye upana wa sentimita 35 ambao urefu wake ni wa kanga nzima. Utepe huo ukate mara tatu, upate vipande vya sentimita 50 kwa 35, na kila kipande ukikunje mara tatu ili kiwe na upana wa karibu sentimita 17. Hicho ndicho kitambaa cha ndani, kinachowekwa katikati ya nepi mahali penye mkojo mwingi. Kanga sita zikiwa nzima zitakupa nepi 12 na vitambaa vya ndani 18. Kingo zote zikunjwe mara mbili na kushonwa, kwa sababu pamba iliyokatwa hufumuka nyuzi, na nitaeleza katika jibu linalofuata kwa nini nyuzi hizo si jambo la kudharau.

Nepi 12 hazitoshi. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, hivyo unahitaji angalau 24 ili nusu ziwe kwenye kamba na nusu ziwe kabatini. Zilizopungua zitafute kwenye shuka kuukuu za pamba na kwenye fulana za baba yake, maana fulana ya pamba hunyonya kuliko kanga na ndiyo inayofaa zaidi kwa kitambaa cha ndani. Ukienda mtumbani, tafuta shuka nzito zenye malaika laini, zile za nchi za baridi. Moja tu hutoa nepi nyingi. Ikiwa mtoto atazaliwa kwenye masika, ongeza sita juu ya hizo.

Usiingie katika kishawishi cha kushona tabaka tano au sita kwa pamoja ili upate nepi moja nene iliyo tayari kuvalishwa, kama zile zinazouzwa madukani. Zinapendeza, lakini tabaka zilizoshonwa pamoja hukauka nje huku ndani zikibaki na unyevu, na siku ya mawingu hazikauki kabisa. Nepi ya mraba na kitambaa chake cha ndani vikianikwa kila kimoja peke yake hukauka kwa saa chache, na hapo ndipo bibi zetu walipotuzidi akili.

Namna ya kuvalisha ni hii. Tandika nepi, ikunje iwe pembetatu, ncha ielekee chini kwako. Kwa kuwa mtoto atakuwa bado mdogo, ukunje pia ule ukingo mrefu wa juu kwa upana wa kiganja. Weka kitambaa cha ndani katikati, mlaze mtoto kiuno chake kikiwa usawa wa ukingo huo, ilete ncha juu ya tumbo kupitia kati ya miguu, kisha zilete pembe mbili za pembeni zikutane juu yake. Funga kwa pini moja ya nepi yenye kifuniko, vidole vyako vikiwa kati ya pini na ngozi ya mtoto ili ikiteleza ikuchome wewe. Mpaka kitovu kianguke, nepi ifungwe chini yake, isikiguse.

Kuhusu kuvuja, nepi ya kitambaa itavuja, na hakuna ushonaji unaoweza kulizuia hilo peke yake. Kinachozuia ni kaptula ya plastiki ya kuvalishwa juu, na hiyo ninakushauri uinunue, mbili au tatu, uzitumie usiku na mnapotoka. Mchana mkiwa nyumbani mwache bila kaptula, umbadilishe mara anapolowa, na vipele vya joto vitampitia mbali.

Katika ufuaji, kinyesi kikung'utwe chooni kwanza, nepi ilowekwe kwenye ndoo yenye kifuniko, ifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kusuuzwa mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha nguo usiitie, kwa sababu huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya. Anika juani, halafu piga pasi pande zote mbili, hata kama unaona ni kazi ya kupoteza mkaa. Katika maeneo yetu ya joto kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kwenye nyasi au kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutokeza uvimbe unaofanana na jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Mtoto akianza kutambaa, ndoo ya kulowekea iwekwe mahali asipofika kabisa, kwani maji kidogo tu ndani ya ndoo yanatosha kumzamisha mtoto aliyeinamia kichwa.

*

Bi Mshauri, nakusalimu. Mimi ni baba wa mtoto wa miezi sita. Nilimtengenezea manyanga kwa chupa ndogo ya soda iliyotiwa maharage, nikaipaka rangi nyekundu iliyobaki nilipopaka geti. Mke wangu ameificha na hataki hata tuijadili. Naomba utuamue, na kama ana haki, unieleze baba anaweza kutengeneza nini.
— Baba wa mtoto mmoja, Mwanza

Ndugu yangu, mkeo ana haki, na ninakuomba usimwambie kwamba nimesita kukuhukumu, kwa sababu sikusita.

Tuanze na maharage. Mtoto wa miezi sita kila anachokishika hukipeleka mdomoni, na kifuniko cha chupa, hata kikiwa kimekazwa na mikono ya mwanamume, siku moja hufunguka kwa kugongwa chini. Harage likiingia kwenye njia ya hewa hunyonya unyevu na kuvimba, likazidi kuziba. Kipimo rahisi cha vitu vya kuchezea ni kile kiini kigumu kinachobaki karatasi ya chooni inapoisha: chochote kinachoweza kupita ndani yake hakifai kushikwa na mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na hesabu ifanywe kwa kila kipande kinachoweza kunyofoka, pamoja na vifungo, shanga, macho ya mdoli na vifuniko vya chupa. Mbegu za porini zenye rangi nyekundu na doa jeusi, ambazo wengi huzipenda kwa uzuri wake, zisiingie kabisa ndani ya nyumba yenye mtoto, kwa kuwa zina sumu kali. Vivyo hivyo mbegu za mnyonyo.

Rangi ya geti ni kosa la pili. Rangi za mafuta za kupakia chuma na mbao huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiingia mwilini kwa kiasi kidogo, na mtoto atailamba rangi hiyo mchana kutwa. Kitu cha mbao cha mtoto kisipakwe chochote. Kipige msasa mpaka kiganja chako kipite bila kukwama, ukisugue kwa mafuta kidogo ya nazi, inatosha.

Sasa kazi yako. Ikiwa unapenda manyanga, chukua soksi moja nene ya pamba, weka ndani yake kikopo kidogo cha plastiki kilichotiwa punje za mchele na kuzibwa kwa gundi, kikiwa kikubwa kuliko kile kiini nilichokitaja, kizungushie vitambaa laini pande zote, kisha ushone mdomo wa soksi kwa mishono midogo miwili miwili kwenda na kurudi. Ivute kwa nguvu zako zote. Ikiwa mshono utaachia hata kidogo, rudia. Kila wiki ikaguliwe, na siku itakapoonyesha dalili ya kuchanika itupwe bila huruma.

Kwa kuwa uko Mwanza na uzi wa nyavu unapatikana kila mahali, nakuonya usiutumie. Uzi mwembamba wa nailoni, au hata unywele mrefu, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mkono au cha mguu wa mtoto ukakata damu isifike, na wazazi wakabaki wanahangaika na kilio wasichokijua sababu yake. Ndiyo maana soksi na glavu za mtoto hugeuzwa nje ndani kabla ya kuvishwa na nyuzi zinazoning'inia hukatwa. Mtoto akilia bila kunyamaza, vidole vyake vya miguu vikaguliwe kimoja kimoja. Kamba ya kuning'inizia kitu chochote karibu na mtoto nayo isizidi shubiri moja.

Nikiwa mkweli, mtoto wa umri huo hupenda zaidi sufuria ndogo na mwiko. Mchongee mwiko wake, mfupi, wenye mpini mnene unaoenea kwenye ngumi yake na ncha ya mviringo. Ukilowa, unafutwa, ukichafuka, unaoshwa na vyombo.

*

Mwanangu, hujambo? Nyuma ya nyumba yangu kuna msufi na mwaka huu umezaa sana. Nataka kumshonea mjukuu wangu mto mdogo na godoro la sufi kabla hajaletwa kwangu mwezi ujao. Binti yangu anasema siku hizi watoto hawalazwi kwenye mito. Sisi sote tulilalia sufi na tumekua. Nieleze wewe.
— Bibi wa mjukuu mmoja, Tanga

Shikamoo bibi. Sijambo, namshukuru Mungu. Ninakujibu kwa adabu zote, nikijua kwamba umelea wengi kuliko niliowalea mimi.

Binti yako amesema ushauri unaotolewa kliniki leo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alazwe chali, juu ya kitu bapa na kigumu kiasi, bila mto na bila matandiko mazito karibu na uso wake. Sababu yake ni kwamba shingo ya mchanga haina nguvu. Uso wake ukizama kwenye kitu laini, au kidevu chake kikisukumwa kifuani na mto, hawezi kujigeuza apate hewa. Kweli wengi walilalia sufi wakakua, lakini walikuwapo pia waliokutwa asubuhi wameshaondoka, na watu wakasema ni mapenzi ya Mungu bila kutafuta sababu nyingine. Na ikiwa mto uliutaka ili kichwa kikae vizuri, basi mgeuzie kichwa upande huu leo na upande ule kesho, na akiwa macho mlaze kifudifudi mkiwa pamoja naye. Kichwa kitakaa sawa chenyewe. Pa kulala patandikie mkeka na shuka ya pamba iliyokunjwa na kuchomekwa ikakaza.

Sufi yako lakini isipotee. Binti yako atakapokuja atakuwa ananyonyesha mara nyingi usiku na mchana, na mgongo utamuuma. Mshonee yeye huo mto, wa kuwekea mkono wake anapomshika mtoto. Kata marekani, au kitambaa kingine kilichofumwa kwa kubana, kwa kipimo cha sentimita 65 kwa 45, kwani sufi ina nyuzi nyepesi zinazopenya kwenye kitambaa chepesi na kuruka chumba kizima. Shona mifuko miwili, mmoja uingie ndani ya mwingine. Chambua mbegu zote, na kazi hiyo uifanye nje, ukiwa umejifunga kitambaa puani, mtoto akiwa bado hajaja. Anika sufi juani kabla ya kuijaza, na ujaze kwa kubana, kwa sababu baada ya majuma machache itashuka.

Sufi yenyewe haifuliki. Nyuzi zake zina nta inayokataa maji, na zikilowekwa kwa lazima hugandamana mabonge yasiyofumuka tena. Kwa hiyo juu ya mifuko hiyo miwili vaa foronya ya kanga yenye mdomo wa kufunga kwa tepe, na foronya za kubadilisha ziwe tatu. Mto utakuwa ukianikwa, na foronya zitakuwa zikifuliwa. Mtoto akimaliza kunyonya, mto uondoke kitandani.

*

Bi Mshauri, shikamoo. Tunaishi Maskati, na kila anayetutembelea kutoka Unguja hutuletea kanga, mpaka sanduku limejaa. Nina mtoto wa miezi miwili. Nataka nimshonee kitu ambacho kitamzoesha Kiswahili mapema, kwa sababu akianza shule ataingia kwenye Kiarabu na Kiingereza.
— Mama wa mtoto mmoja, Maskati

Marahaba. Mshonee kitabu cha kitambaa, na jina la kanga liwe ndilo maandishi yake.

Kwa miezi hii ya mwanzo mtoto wako anaona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, umbali wa uso wako anaponyonya, na macho yake huvutwa na rangi zinazopingana waziwazi. Ukiwa na kisutu katika hilo sanduku, umeshamaliza kazi ya kuchora, kwa maana weupe, weusi na wekundu wake ndivyo vitu atakavyovikodolea macho. Lakini wekundu wa kanga mpya huchuja. Iloweke kwenye maji mara kadhaa, kisha ikandamize na kitambaa cheupe kibichi. Kikibaki cheupe, kata.

Kata vipande 12 vya sentimita 17 kwa 17, uchague vile vyenye umbo moja kubwa lililo wazi: korosho, ua, kuku, embe, chochote kinachotambulika. Majina ya kanga yakate kwa utepe, na kwa kuwa utepe ni mrefu kuliko ukurasa, neno moja au mawili yakae kila ukurasa mpaka methali ikamilike mwishoni mwa kitabu. Shona vipande viwili viwili nyuso zikiwa zimetazamana, acha upande mmoja wazi, geuza, upate kurasa sita zenye sura mbele na nyuma. Zipange, ushone mgongo kwa mishono mitatu iliyopita juu ya nyingine. Usitie pamba ndani, wala plastiki ya kutoa sauti, kwa kuwa kitabu hiki kitatafunwa zaidi ya kusomwa na kitafuliwa mara kwa mara. Kwa jua la Maskati kitakauka kabla hujamaliza kufua kingine.

Chagua majina kwa uangalifu. Kanga nyingi zina maneno ya mafumbo baina ya mke na mke mwenzie, na mtoto atakuwa anayarudia mbele za wageni.

*

Bi Mshauri, mtoto wetu ametimiza miezi minne na tunataka kuhifadhi alama ya mkono wake. Picha za studio ni ghali. Rafiki amenishauri nitumie unga wa ngano na chumvi, mwingine amesema tuzamishe mkono wake kwenye jipsamu. Kipi bora?
— Wazazi wapya, Dar es Salaam

Mkono wa mtoto usizamishwe kwenye jipsamu kwa hali yoyote. Unga wa jipsamu ukichanganywa na maji hupata joto unapoganda, na joto hilo linaweza kumuunguza mtu mzima, sembuse mtoto, tena huganda huku umemshika vidole asiweze kuvitoa.

Donge la unga na chumvi ni salama kwa kugusa. Vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha chumvi laini na maji karibu kikombe kimoja, yakiongezwa kidogo kidogo, hukandwa mpaka donge lisinate mkononi. Lisukume liwe na unene wa sentimita moja, ukandamize kiganja cha mtoto akiwa ameshiba na amelegea, kisha mkono uoshwe papo hapo, maana chumvi nyingi kiasi hicho si ya kulambwa. Wenzenu wa Njombe na Mbeya watalianika likakauka na kudumu. Nyinyi mnaishi pwani, na chumvi huvuta unyevu wa hewa: donge litaonekana kavu mwezi wa Agosti, halafu litatoa jasho na kuota ukungu mvua zikianza.

Kinachowezekana ni kuviunganisha vyote viwili. Donge hilo, au udongo wa mfinyanzi, uwe kalibu tu. Piga alama ya kiganja, mpeleke mtoto chumba kingine, ndipo ukoroge jipsamu, kama sehemu mbili za unga kwa sehemu moja ya maji, na kumimina juu ya alama mpaka unene wa sentimita moja na nusu. Funika pua unapokoroga. Subiri mpaka ipate joto na kupoa kabisa, kisha bandua donge. Utapata kiganja kilichotuna juu, chenye mikunjo yote hata ile ya vifundo, na hakitaoza. Masalia usiyamwage kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba na fundi atakudai kuliko studio.

Mimi ningefanya lingine. Mtoto akiwa amelala fofofo, weka kiganja chake juu ya kipande cha marekani na ukizungushie penseli taratibu, ukianzia kwenye kidole gumba. Kidole kidogo ndicho kigumu, hujikunja mara anapoguswa, kwa hiyo kifanye mwisho. Tarehe iandikwe chini yake, na mstari wote udariziwe kwa uzi wa pamba wa rangi moja. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa, mkono mpya uchorwe juu ya ule wa zamani kwa rangi nyingine. Kikichafuka kinafuliwa.

*

Bi Mshauri, chandarua chetu cha zamani kimetoboka na tumepewa kingine kliniki. Naweza kukikata nikamshonea mtoto dodoki la kuogea na mpira?
— Mama wa watoto wawili, Dodoma

Hapana. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki vimetiwa dawa ya kuua mbu ndani ya nyuzi zake. Vimeundwa ili mtu alale chini yake, na si kwa ajili ya kusuguliwa kwenye ngozi iliyolowa au kutafunwa. Dodoki la kuogea lishone kwa kitambaa cha taulo kuukuu. Mpira utengeneze kwa fulana iliyochanwa vipande virefu na kuviringwa mpaka uwe mkubwa kama chungwa, kisha uvishwe ngozi ya kitenge iliyoshonwa kwa mkono. Vipande vya kitenge fundi cherehani yeyote atakupa, anavifagia kila jioni.

Halafu kitazame tena hicho chandarua kabla hujakiacha. Kama ni matundu machache, kiraka kinatosha: kata kipande kutoka kwenye upindo wake wa chini, kikubwa kuliko tundu kwa upana wa kidole pande zote, ukishone kwa uzi wa pamba, matundu madogo yakusanye kwa sindano na kuyafunga fundo. Mtoto mkubwa atakitumia kitandani kwake, mchanga atumie kile kipya. Vifuliwe mara chache, kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, bila kusuguliwa kwa nguvu. Nimewahimiza baadhi ya waliotangulia kuanika juani, lakini chandarua kianikwe kivulini, kwa sababu jua huimaliza dawa yake.